Mashimo Manne kwa Nyumba Moja

Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyesema kwanza kwamba mwanamke hajengi kwa baba yake. Alilisema mbele ya wazee wa ukoo, mchana kweupe, na wala hakunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha mama, mikono magotini, nikisikiliza jinsi nilivyokuwa nikigawanywa.

Nilikuwa nimeacha mume. Nilirudi nyumbani na mtoto mmoja na masanduku mawili, nikaomba uhamisho, nikapewa kazi ya kufundisha katika shule ya msingi ya hapohapo kwetu, kwenye vilima vya upande wa mji wa Wote. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mwanamke aliyerudi alitarajiwa kulala jikoni kwa mama yake, kuteka maji, na kushukuru. Mimi niliomba sehemu ya shamba la marehemu baba nijenge nyumba.

"Atajenga halafu aolewe tena," ndugu yangu alisema. "Shamba liende na mtu tusiyemjua."

"Siolewi tena," nikasema.

"Hukuulizwa," mzee mmoja akaniambia.

"Ndiyo maana nasema mwenyewe."

Mama alikohoa. Nilijua kikohozi kile. Hakikuwa cha kunikanya. Alikuwa anaficha kicheko.

Wazee walienda kando, wakarudi. Walisema nipewe kule chini, kando ya kijito. Ndugu yangu akakubali papo hapo, bila hata kuuliza ukubwa. Kukubali kwake kwa haraka ndiko kulikonishtua. Kisha nikakumbuka kule chini kulivyo.

Kule chini ulikuwa udongo mweusi. Kila mtu kwetu aliujua. Mvua ikinyesha, unakuvua viatu na kubaki navyo. Jua likiwaka miezi mitatu, unapasuka mipasuko mirefu ya kumeza mguu wa mbuzi. Baba hakuwahi kujenga hata kibanda cha kuku pale. Alipanda mbaazi tu, na mwaka mwingine hata mbaazi hakupanda.

"Nimekubali," nilisema. "Lakini mipaka ipandwe leo, nikiona."

Ikapandwa. Wazee wakapanda mkonge pembe zote nne, na miche mingine katikati ili mstari uonekane. Nilimwagilia ile mikonge mwenyewe, ingawa mkonge hauhitaji kubembelezwa na maji. Nilitaka kila anayepita aone kwamba kuna mtu anayeitunza.

Sasa, mimi sikuwa mjinga wa udongo ule. Wakati huo nilikuwa nikiishi katika chumba kimoja cha nyumba ya walimu, na nyumba hiyo ilijengwa juu ya udongo mweusi uleule, ng'ambo ya kijito. Ukuta wa chumba changu ulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Watu walisema simiti ilikuwa mbovu. Wengine walisema nyumba ile ina mkono wa mtu. Mimi nilichukua penseli, nikatia alama mbili, moja kila upande wa ufa, na kila mwisho wa mwezi nikapima kwa rula ya shule. Mwezi wa nne, mvua ilipokolea, zile alama zilisogeleana hadi karibu zikutane, na mlango ukakwama, ikabidi niupige bega ndipo utoke. Mwezi wa tisa rula yenyewe iliingia kwenye ufa, na kupitia kwenye ufa huohuo niliweza kuona mbuzi wa jirani wakila nje.

Basi niliacha kusikiliza habari za mkono wa mtu. Nyumba ilikuwa inabebwa na kitu kinachovimba na kusinyaa. Hakuna ukuta unaoweza kuvumilia hilo.

Jumamosi moja mama aliteremka nami hadi kule chini. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake viliuzwa sokoni Wote na vingine vilifika hadi Kibwezi. Alichota bonge la udongo mweusi, akalitemea mate, akaliviringa kati ya viganja likawa kamba ndefu, akaikunja ile kamba ikawa pete. Haikukatika.

"Unaona unavyotii?" aliniambia. "Huu haunidanganyi mimi."

Alifinyanga kibakuli kidogo, cha kutosha kutilia chumvi, akakianika juu ya jiwe nyumbani. Siku ya tatu kilikuwa vipande vinne. Alivikusanya, akanitilia mkononi.

"Nikitaka kuufanya chungu, lazima niuchanganye na mchanga mwingi. Hata hivyo ninauogopa. Wewe utauchanganya shamba zima?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Nitautafutia mwisho wake."

"Kama una mwisho."

"Kila udongo una kitu chini yake."

Mama alikung'uta udongo viganjani. "Basi chimba," akasema. "Nami nitakuja na jembe langu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuchimba. Mama alikuwa katika mwethya, kikundi cha wanawake waliosaidiana kuchimba matuta ya kuzuia udongo mashambani, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nikajiunga. Nilichimba matuta yao, nao wakaja kuchimba mashimo yangu. Niliwapikia isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa ya shule niliyoazimwa, na tukala tumekaa juu ya rundo la udongo uliotoka shimoni.

Shimo la kwanza tulichimba katikati, pale ambapo kila mtu alisema nyumba itapendeza. Udongo ulikuwa mweusi hadi magotini, mweusi hadi kiunoni, mweusi hadi mabegani. Ukipasua bonge lake, ndani kulikuwa na uso unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Nilipozama kiasi cha kutoonekana kichwa, na bado ni mweusi, niliwaambia wanawake wanivute nje.

La pili tulichimba upande wa kijito. Hilo tuliliacha mapema, kwa sababu maji yalianza kujikusanya chini.

Ndugu yangu alikuja akasimama juu yetu siku hiyo. "Mnachimba makaburi mangapi?" akauliza.

Mwanamke mmoja wa kikundi, mjane aliyekuwa na sauti ya kengele, alimjibu bila kuinua kichwa. "Tunatafuta mahali pa kuzika maneno yako. Bado hatujapata penye kina cha kutosha."

Tulicheka hadi mmoja akadondosha karai. Ndugu yangu aliondoka, lakini sikusahau kwamba alikuwa ameangalia mstari wa mkonge kabla ya kuondoka.

Shimo la tatu lilikuwa upande wa njia. Hapo, nilipofika kiunoni, rangi ilibadilika. Weusi ukawa kijivu, ukawa na vijiwe vyeupe kama chokaa, na kifuani mtaimbo ukalia. Nilipiga tena, ukalia tena. Ilikuwa moramu, ule udongo mgumu wa changarawe unaomwagwa barabarani. Nilimwita mama, nikampa mtaimbo ili naye apige. Alipiga mara tatu, akatoka shimoni, akaenda kukaa kivulini akijipepea kwa kanga.

La nne tulilichimba kwenye pembe ya juu kabisa, ubavuni mwa mkonge. Weusi uliisha magotini. Chini yake kulikuwa na udongo wa rangi ya kutu, wenye changarawe, na chini ya huo moramu ngumu kiasi kwamba sururu ilirudi ikiwa na jino lililokunjika. Niliweka udongo wa kila shimo katika chupa za sharubati, nikatia maji, nikatikisa, nikazipanga dirishani, jinsi nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita. Ile ya shimo la nne ilitulia kabla sijamaliza chai, mchanga chini, maji juu. Ile ya shimo la kwanza ilibaki tope hadi siku ya pili.

Kwa hiyo nilijua. Sehemu nzuri ya kiwanja changu ilikuwa ukanda mwembamba kule juu, kati ya shimo la tatu na la nne. Nyumba ya mraba isingeenea hapo. Nikachora nyumba ndefu na nyembamba, vyumba vinne vikifuatana kama mabehewa, kila chumba na mlango wake wa kutokea kibarazani. Nilichora kwenye karatasi ya daftari la miraba, nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi alikuwa mtu wa kwetu, aliyewahi kufanya kazi Mombasa na kurudi na kofia ya nguo nyeupe na pimamaji ya chuma. Aliangalia mchoro wangu, akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, hii ni nyumba ama ni gari ya moshi?"

"Ni nyumba."

"Na msingi unataka nichimbe mpaka wapi?"

"Mpaka moramu. Pande zote."

"Aa, mwalimu. Hiyo ni kupoteza nguvu ya watu. Futi mbili inatosha. Mimi nimejenga nyumba zote unaona hapa, na ni futi mbili."

"Nyumba ya walimu nani alijenga?"

Aliigeuza pimamaji mikononi. "Ile ni simiti iliharibu. Ilikuwa simiti ya zamani."

"Fundi, simiti mbovu haifungi ufa mwezi wa nne ikaufungua mwezi wa tisa. Mimi nimelala kando ya ule ufa. Nimeupima."

"Umepima na nini?"

"Na rula."

Hapo alikasirika. Alisema amejenga tangu nikiwa mtoto wa kunyonya, na hawezi kufundishwa msingi na mwanamke mwenye rula ya watoto. Alichukua nyundo na kamba yake akaenda. Kwa hasira yake alisahau pimamaji, na ikabaki nyumbani kwangu imeegemea ukuta.

Sitasema sikuogopa. Jioni ile nilikaa na mama tukichambua mbaazi, nikamwambia labda nimeenda mbali mno. Labda ningekubali futi mbili, kama watu wote. Mama aliendelea kuchambua.

"Mimi nilimkubalia baba yenu mambo mengi ya futi mbili," alisema. "Wewe chimba."

Tulichimba bila fundi. Nilinyoosha mstari kwa kamba na vijiti, nikapima pembe kwa hesabu ninayoifundisha, tatu na nne na tano, na wanawake wa mwethya wakaingia na majembe. Wiki mbili za mwezi wa kumi, jua likiwa kali mno, tulishusha ule mtaro hadi moramu. Upande wa juu ulifika magotini tu. Upande wa njia ulifika kifuani. Mikono yangu ilipasuka, nikawa naandika ubaoni shuleni kwa vidole vilivyofungwa vitambaa, na watoto wakifikiri nimeungua.

Ndipo ndugu yangu alipomleta naibu wa chifu.

Walikuja siku ya kazi, mimi nikiwa ndani ya mtaro na jembe mkononi. Ndugu yangu alisema nimevuka mpaka, kwamba mtaro wangu umeingia pale anapotaka kuweka zizi lake la ng'ombe. Aliagiza wanawake watoke.

"Hawatoki," nilisema.

"Mwana wa mwaitu, usinivunjie heshima mbele ya serikali."

"Mtoto wa mama yangu, mkonge huu ulipandwa wewe ukiwepo. Nami nilikuwepo. Serikali ipime."

Naibu wa chifu alikuwa mtu mzito, mpole, asiyependa jua. Alitazama mtaro, akatazama mkonge, akaomba kamba. Nilimpa ile yangu. Alipima mwenyewe kutoka mche hadi mche, akaivuta ikanyooka, na sote tukasogea kuangalia. Ukingo wa mtaro wangu ulikuwa ndani ya mpaka kwa hatua mbili kamili. Nilikuwa nimeziacha makusudi, kwa sababu nilimjua ndugu yangu.

"Huyu yuko kwake," naibu wa chifu alisema.

"Lakini alipewa kule chini!" ndugu yangu akapaza sauti. "Wazee walisema chini!"

"Wazee walisema kutoka mkonge hadi mkonge," mama akasema kutoka nyuma yetu. Hakuna aliyekuwa amemwona akija. "Na hata hapa ni chini. Ni chini kwa juu."

Naibu wa chifu aliangua kicheko, akajifuta jasho, akaomba maji ya kunywa. Ndugu yangu hakusubiri maji. Tangu siku hiyo alianza kupita njia ya mbali kwenda sokoni, ili asikatize mbele ya kiwanja changu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja kwa nguvu. Zilinyesha siku nne. Sikuweza hata kuvuka kijito kwenda kuona. Siku ya tano nilikwenda na mwavuli, nikamkuta fundi amesimama pale peke yake, na ile kofia yake imelowa. Alisema amekuja kuchukua pimamaji, akaambiwa niko huku.

Tulitazama pamoja. Shimo la kwanza, lile la katikati, lilikuwa limeporomoka kuta zote. Lilikuwa uji mweusi, na ukingo wake ulikuwa umevimba ukainuka kama unga uliotiwa hamira. Kisha tukapanda hadi kwenye mtaro. Upande wa njia ulikuwa na tope kiasi, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Upande wa juu maji yalikuwa yameshapotelea chini, na sakafu ya moramu ilikuwa imeoshwa, nyekundu na safi.

Fundi aliingia ndani na mtaimbo. Alipiga hapa, akapiga pale, akatembea urefu wote wa mtaro akipiga. Mimi nilingoja juu.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "hapa pamefika."

"Najua pamefika."

"Sasa ile udongo nyeusi mlitoa, msirudishe ndani."

"Nani alitaka kuurudisha?"

Alikuna shingo. "Mimi ningerudisha," akasema. "Kusema ukweli, mimi ningerudisha."

Kesho yake alikuja na nyundo na kamba. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Tulijaza msingi kwa mawe ya mlimani na moramu iliyobebwa kwa karai kutoka kando ya barabara, tukaishindilia tabaka kwa tabaka kwa gogo zito, wanawake wawili wawili wakipokezana na kuimba. Aliponiuliza kama upana wa msingi unatosha, aliniuliza kweli. Kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa kwanza, matofali yalikuwa yamefika usawa wa madirisha.

Nilihamia humo na mtoto wangu kabla ya Pasaka, na mama akafuata baada ya mwaka mmoja. Alisema amechoka na moshi wa jikoni kwake, lakini nadhani alitaka kukaa pale ambapo angeweza kuona njia na watu wanaoikwepa. Ukame uliokuja miaka michache baadaye ulipasua kule chini mipasuko ambayo hata wazee walisema hawajawahi kuiona. Nilitembea kila asubuhi kuzunguka kuta zangu, ndani na nje. Hazikuwa na ufa hata mmoja.

Nisijisifu bila kusema na hili. Baadaye nilijenga jiko la nje, kwa haraka, wakati wa likizo fupi, na sikuchimba hadi mwisho kwa sababu nilijiona nimeshakuwa mjuzi. Lilipasuka mwaka wa pili. Nililibomoa kwa mikono yangu, nikachimba upya, na fundi akapita njiani akiimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa haki yake.

Wanawake wa mwethya walianza kuniita kwenye viwanja vyao. Nilikwenda na mtaimbo na chupa zangu. Wengine walikuwa wajane, wengine wamerudi kama mimi, na mmoja hakuwahi kuolewa wala hakutaka. Wanaume walisema nawaharibu. Niliwajibu kwamba nawaonyesha moramu tu, mengine wanajua wenyewe.

Ndugu yangu hakukanyaga kibarazani kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini ndipo alipokuja, mama alipougua miguu na hakuweza tena kupanda hadi kwake. Alibisha hodi kama mgeni. Nilimkaribisha. Alimsalimu mama, akakaa, na nilipokuwa nikimimina chai nikaona macho yake yakitembea. Yalianzia pembe ya juu ya dirisha, yakashuka hadi sakafuni, yakaenda pembe nyingine. Kisha akainuka, akijifanya anatazama nje, akapitisha kiganja chake ukutani chini ya dirisha, polepole.

"Bado," nilimwambia.

Aligeuka. "Bado nini?"

"Bado haujapasuka. Njoo mwaka ujao uangalie tena."

Mama alikohoa kitandani. Ndugu yangu alinitazama, kisha akautazama ukuta, na mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja ingawa alijitahidi kuuzuia.

"Chai yenyewe ina sukari?" aliuliza, akarudi kukaa.

"Onja," nikasema. "Hapa kila mtu anajipimia."

Alikunywa vikombe viwili. Mwaka uliofuata alikuja tena, na kabla hata ya kumsalimu mama, alipitisha mkono ukutani.